Kwa Mussa, kabla hujasaini

West Springfield, Massachusetts
Jumapili usiku

Ndugu yangu Mussa,

Asalam aleikum. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatutafuna. Watoto wamelala, mama yao yuko zamu ya usiku, na mimi nimebaki na chai na barua hii. Natumaini nyumbani kwako wote hawajambo na mguu wa mama umepata nafuu. Rambirambi za Mzee Kijoti nilimpa Athumani azifikishe. Sijui kama zilifika, maana Athumani unamjua.

Haya, tuje kwenye habari yako ya timu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, wote, pamoja na yale malori yaliyokuwa yakipiga honi nyuma yako. Kununua timu ya daraja la kwanza (mimi bado naiita hivyo, hiyo Championship yenu sijaizoea) si jambo baya hata kidogo. Una duka la vifaa vya ujenzi linalokwenda vizuri, una malori, jina lako linajulikana Tanga mpaka Korogwe. Kilichonifanya nikae na kalamu ni pale uliposema wale vijana wanne waliogoma msimu uliopita kwa ajili ya mishahara ndio utakaoanza nao, uwatoe uwe mfano kwa wengine. Halafu ukacheka. Halafu, kwa sauti ileile, ukaniomba niingie na hisa.

Ningeweza kukujibu kwa sauti, lakini tungeishia kwenye mzaha kama kawaida yetu. Hili nataka ulisome.

Ninapokaa ni karibu na viwanja vya maonyesho wanavyoviita Big E. Kila Septemba panajaa ng'ombe, mashine za kilimo na watu wanaokula vitu vya kukaanga, yaani Sabasaba kabisa. Ndani ya viwanja hivyo kuna jengo kuu la zamani, Coliseum, lililojengwa 1916. Kuna mzee tunayefanya naye kazi ghalani, mzaliwa wa hapahapa, kila tukipita pale anatikisa kichwa na kusema, "Pale palikuwa pa Shore." Mwisho nikamuuliza Shore ni nani. Sikujua nimefungua bomba. Baadaye nikaenda maktaba kusoma, nione kama mzee ananipiga fiksi. Kaka, alikuwa anapunguza!

Eddie Shore usimtafute kwenye soka. Ni mtu wa hoki ya barafuni, ile ya kuteleza na viatu vya chuma huku watu wazima wanagombania kidude cheusi cha mpira kwa magongo, na wakikosana wanapigana ngumi mwamuzi anaangalia. Mtoto wa Saskatchewan, Kanada, amezaliwa 1902. Namba yake beki, ndiyo maana nakuletea habari zake wewe beki mwenzake. Aliingia Boston Bruins 1926, akachukua nao Kombe la Stanley, ndilo kombe la ligi kubwa ya hoki, 1929 na 1939, na tuzo ya Hart, ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote kwenye ligi, akaibeba mara nne. Hakuna beki mwingine aliyefikisha hizo nne. Na alikuwa mbabe. Desemba 1933 alimvamia Ace Bailey wa Toronto kwa nyuma, mtu wa watu akaangukia kichwa, fuvu likapasuka. Bailey alipona ila hakucheza tena maisha yake yote.

Husimuliwa kwamba siku moja sikio lake lilikatika likabaki linaning'inia. Akazunguka kwa madaktari mpaka akampata aliyekubali kulishona. Akakataa ganzi, akaomba kioo ili asimamie anavyoshonwa. Kioo, Mussa! Mtu wa namna hiyo ukimpa timu unategemea nini?

Timu aliinunua mwenyewe. Mwaka 1939, akiwa bado mchezaji wa Boston, alitoa dola 42,000 akainunua Springfield Indians, timu ya ligi ya chini ya ile kubwa. Boston hawakufurahi mchezaji wao kuwa na duka lake pembeni, na Januari 1940 wakampeleka New York Americans. Kwa hiyo msimu ule jamaa alikuwa anacheza timu mbili, moja ni mwajiriwa na nyingine ni bosi. Najua hapo umetabasamu, ungeweza kufanya vilevile.

Na usidhani alikuwa mfanyabiashara wa kubahatisha. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lililichukua lile jengo kwa mambo ya vita, timu ikabaki haina pa kuchezea. Mwingine angefunga hesabu. Yeye akahamia na wachezaji wake Buffalo, na 1943 Buffalo ikachukua Kombe la Calder, ambalo ndilo kombe la ligi hiyo. Vita vilipokwisha akarudi, 1946, akaifufua Springfield. Mwaka 1951 akaihamishia Syracuse, ikakaa huko miaka mitatu, akairudisha. Halafu 1960, 1961 na 1962 akalichukua lile kombe mara tatu mfululizo. Hakuna timu nyingine ya ligi ile iliyowahi kufanya hivyo, mpaka leo ninapokuandikia. Ukitaka kujua kama mtu anajua mchezo, huyo alikuwa anaujua.

Hapo sasa ndipo penye shida, na ndipo ninapotaka unisikilize. Mwenye timu asiyejua mpira ana nafuu yake: akikwama anamwachia kocha, yeye anabaki na viingilio na wadhamini. Anayeujua, aliyewahi kuvaa jezi mwenyewe, anaona kila kosa la mchezaji ni dharau kwake binafsi. Shore alikuwa na nadharia ya kila kitu. Magoti yakunjwe vipi, mikono ikae umbali gani kwenye gongo. Mchezaji asipokunja anavyotaka, anamfunga miguu kwa kamba ili azoee hatua fupi. Kuna kipa alikuwa na tabia ya kulala chini mapema, akamfunga kamba kwenye goli asiweze kuanguka. Aliwafundisha wachezaji kucheza dansi ya kugonga viatu, eti wapate wepesi wa miguu, mijitu imejipanga kwenye ukumbi wa hoteli inagonga soli. Alijifanya na tabibu, anakunyoosha mgongo mwenyewe utake usitake. Tena kuna siku timu inafungwa, akaitisha kikao cha wachezaji pamoja na wake zao. Wanawake wakajipamba wakidhani ni hafla. Kumbe aliwaita awaambie wawanyime waume zao unyumba mpaka matokeo yabadilike.

Umecheka? Na mimi nilicheka. Mzee wa ghalani hacheki, kwa sababu yeye akisimulia anaendelea mpaka kwenye mishahara.

Timu ile ilikuwa ya Shore peke yake. Nyuma yake hapakuwa na klabu kubwa ya kulipa, kwa hiyo kila senti ya taa, barafu, basi na chakula cha safari ilitoka mfukoni kwake, na aliiona ikitoka. Sasa mwenye timu ndogo akitaka kubana matumizi atabana wapi? Bei ya umeme haijadiliki. Jengo halijadiliki. Anayejadilika ni mchezaji. Na enzi hizo mchezaji alikuwa amefungwa mkataba na mwenye timu kama mali. Hawezi kusema nahama. Ligi kubwa ilikuwa na timu sita tu mpaka 1967, yaani nafasi mia na kidogo kwa bara zima. Ukifukuzwa Springfield uende wapi?

Basi akabana. Wachezaji wa akiba na majeruhi waliitwa Black Aces, nao hawakuachwa wakae bure: kupaka rangi viti, kubadilisha balbu, kuuza bisi kwa mashabiki. Unaumia goti Jumatano, Jumamosi unauza bisi kwa watu waliokuja kukuona ukicheza. Wachezaji wake wamesimulia pia habari za bonasi, kwamba mtu mkataba wake unasema akifikisha mabao kadhaa anapata nyongeza, akikaribia tu anajikuta yuko benchi. Kuna mchezaji, Jake Milford, ambaye inasimuliwa Shore alimtoa kwa timu nyingine akapewa magoli mawili. Simaanishi mabao, namaanisha yale ya chuma yenye nyavu. Na akalalamika kuwa si mapya! Katika hoki ikawa inajulikana kwamba kupelekwa Springfield ni adhabu. Inasemekana wapo waliotaka iandikwe kabisa kwenye mkataba kuwa hawatauzwa huko.

Sasa nikukumbushe Kombe la Mbuzi. Unajua ninakoelekea. Wewe nahodha, tumechukua mbuzi, ukasema aliyekosa mazoezi hali nyama. Dogo Shabani alikosa mazoezi kwa sababu alikuwa anampeleka bibi yake hospitali ya Bombo, na alifunga bao fainali. Ukamnyima. Tulikula ile nyama wote tumenuna. Leo tunacheka, ilikuwa mbuzi tu. Ila sauti yako ya kwenye ile rekodi ndiyo ileile ya siku ile, tofauti ni kwamba sasa unataka kuwa na mikataba.

Niendelee. Desemba 1966 Shore aliwasimamisha mabeki watatu bila malipo, kwa madai kwamba wanacheza bila kujituma. Mmojawao alikuwa Bill White. Wenzao wakamtuma mchezaji mwenzao, Brian Kilrea, akawasemee kwa Shore. Na yeye akasimamishwa. Ungedhani wangeogopa, ndivyo Shore alivyohesabu, maana miaka yote waliogopa. Safari hii timu nzima ikakataa kuingia uwanjani. Wakampigia simu mwanasheria kijana wa Toronto, Alan Eagleson, akaja, akakusanya malalamiko mmoja baada ya mwingine. Faini, posho, majeruhi, matusi. Wachezaji wa timu ndogo ya mji mdogo, hakuna nyota hata mmoja, wakamshinda mtu ambaye alikuwa jina kubwa kuliko wote waliowahi kupita pale. Mwanzoni mwa 1967 Shore akakubali kuachia uendeshaji wa kila siku. Mwaka huohuo timu ikaenda mikononi mwa Jack Kent Cooke, tajiri wa Los Angeles aliyekuwa anaanzisha Kings, ikabadilishwa hata jina ikawa Springfield Kings.

Subiri, halijaisha. Ule mgomo ulimfungulia Eagleson mlango, na 1967 kikaundwa chama cha wachezaji wa ligi kubwa, yeye akiwa kiongozi wake. Kwa hiyo mwenye timu ya daraja la pili, kwa kuwafungia mabeki watatu mishahara, akawasaidia matajiri wote wa hoki kupata chama cha kupambana nacho. Sijui walimshukuru vipi. (Huyo Eagleson naye alikuja kuwaibia haohao wachezaji. Mwaka 1998 alikiri mashtaka ya ulaghai akaenda jela. Ila hiyo ni barua nyingine.)

Na wale "wasiojituma"? Kilrea ndiye aliyefunga bao la kwanza kabisa katika historia ya Los Angeles Kings, Oktoba 1967, halafu akawa kocha huko Ottawa akashinda mechi zaidi ya elfu moja. Bill White akaichezea Kanada dhidi ya Wasovieti 1972, mechi ambazo Wakanada wanazizungumzia kama sisi tunavyozungumzia AFCON ya 1980. Fikiria umewatoa hao wawe mfano.

Nimtendee haki marehemu. Mji huu haujamkataa. Beki bora wa ligi ile kila mwaka anapewa tuzo yenye jina lake. Leseni ya timu haikumtoka hata wakati wa Cooke. Akairudisha mkononi, akaipa tena jina la Indians, na 1975 ikachukua kombe jingine. Akauza 1976, akafa hapahapa Springfield 1985. Mzee wa ghalani anasema bila Shore mji huu usingekuwa na hoki kabisa, na dakika hiyohiyo anasema hakuna aliyetaka kumfanyia kazi. Anayasema yote mawili bila kuona tatizo, na mimi nimeshindwa kumwambia achague.

Siku hizi timu ya hapa inaitwa Thunderbirds, inacheza ukumbi mkubwa mjini. Niliwapeleka watoto, wakalala kipindi cha tatu, lakini mimi nilikuwa naangalia biashara. Unajua mchezaji analipwa na nani? Siyo mwenye timu. Analipwa na St. Louis Blues, klabu kubwa iliyo mbali huko katikati ya nchi, inayowaleta vijana wake hapa waive. Mwenye timu wa hapa kazi yake ni kuuza tiketi, matangazo, jezi, kujaza viti Jumamosi. Hawezi kumnyima mtu mshahara kwa sababu hana mshahara wake wa kumnyima, na hata akichukia mchezaji hawezi kumfanya auze bisi. Yaani wameutoa ule mkono wa Shore kwenye biashara kabisa.

Huko kwetu haiko hivyo, na ndiyo hofu yangu. Daraja la kwanza kila kitu ni cha mwenye timu. Simba na Yanga wana watu nyuma yao, Azam wana mpaka uwanja wao Chamazi. Wewe utakuwa na Mkwakwani ya kukodi, basi lililochoka, safari ya Mwanza na safari ya Mbeya, na vijana ishirini na kitu wanaokuangalia tarehe thelathini. Mwezi duka likiyumba, saruji haijauzwa, utabana wapi? Wewe ni mkono wa birika, Mussa, nakwambia kwa mapenzi, hata shemeji anajua. Dukani ubahili umekufaa. Na hao wanne umeshawachukia kabla hujawaona wakicheza! Walidai chao kwa kiongozi aliyepita, kwako hawana kosa lolote.

Mke wangu nilimsomea sehemu hii kabla hajaenda kazini. Akaniuliza, "Sasa wewe unamkataza au unataka kuingia?" Sikumjibu vizuri. Ukweli nataka kuingia. Nimekaa huku miaka nikiangalia michezo ya watu, na wazo la kuwa na kipande cha timu ya nyumbani, hata cha asilimia tatu, limeninyima usingizi kwa utamu. Pesa uliyotaja ninayo, ingawa nilikuwa nimeiwekea paa la nyumba ya Pongwe. Paa linaweza kusubiri masika moja. Lakini sitatoa pesa kwenye timu ambayo mwenyekiti, kocha, daktari wa misuli na mtunza funguo za chumba cha jezi ni mtu mmoja. Tafuta kocha umwachie. Kasimame jukwaani, tukana kwa sauti ndogo.

Haya nijibu, na usinijibu kwa rekodi ya dakika kumi. Madeni ya mishahara ya msimu uliopita yanakwenda kwa nani, yanabaki kwa huyo anayeuza au yanakuja na timu? Umeyaona kwa maandishi au umeambiwa? Mikataba ya wachezaji ni ya miaka mingapi, na wangapi hawana kabisa? Mchezaji akivunjika mguu nani analipa hospitali? Basi ni lao au la kukodi? Mwenye timu mwenyewe kwa nini anauza, umemuuliza, au mlimaliza yote kwenye kahawa pale Chumbageni? Bakari amesema nini, maana yeye alishawahi kuwa mweka hazina wa klabu na akatoka amekonda? Shemeji umemwambia? Usinidanganye, nitampigia.

Na hao vijana wanne, kaka. Wanacheza namba zipi? Wanadai miezi mingapi?

Wasalimie wote, Dogo Shabani hasa.

Ndugu yako,
Idrisa